Feng Ru, mianzi ya Yantang na kisa cha "injini ilizima"



Nimekuwa msomaji tu hapa kwa muda mrefu, nachungulia na kuondoka. Leo kuna jambo limenikaa kichwani nikaona afadhali nilimwage hapa penye watu wa historia. Wale wa sarufi mnivumilie.

Naishi Guangzhou. Jirani yangu ni mzee wa Kichina, fundi mitambo mstaafu, na jioni huwa tunakunywa chai, yeye, mkewe na mimi. Siku moja nikamtajia kwamba nimebadilisha treni pale kituo cha Yantang. Akaniuliza kama namjua aliyekufa pale. Sikumjua. Ndipo akanipa habari za Feng Ru, anayetajwa kuwa Mchina wa kwanza kutengeneza ndege na kuirusha mwenyewe, aliyeanguka nayo hapo Yantang tarehe 25 Agosti 1912. Nikamwuliza ilikuwaje. Akajibu kwa mkato kama mtu aliyeulizwa bei ya nyanya: "Injini." Mkewe, aliyekuwa anamenya vitunguu saumu, akadakia: injini gani, alikuwa anawakwepa watoto! Basi wakaanza, na mimi nikanywa chai yangu.

Usiku nikashindwa kuliacha. Kwa mtu wa historia hiki ni kitu kitamu na kinachoudhi kwa wakati mmoja. Ajali imetokea mbele ya watu elfu moja na zaidi, mchana, na leo mume na mke wanaolala kitanda kimoja hawakubaliani juu ya kilichomwua marehemu.

Kwanza mtu mwenyewe. Feng Ru alizaliwa Enping, jimbo hilihili la Guangdong, mwaka 1884 (wengine huandika 1883). Akiwa bado mtoto akapelekwa San Francisco, njia waliyopita maelfu ya watu wa huku. Kule akajifunza mashine kwa kuzishika, si kwa kukaa darasani. Tetemeko la 1906 lilipoibomoa San Francisco akahamia Oakland ng'ambo ya ghuba, na mwaka 1909 akawa na karakana yake ya ndege, kwa pesa za Wachina wenzake. Anayetaka kumtafuta katika magazeti ya Marekani ya enzi hizo asitafute "Feng Ru", atatoka mikono mitupu. Kule aliandikwa Fung Joe Guey, kwa matamshi ya kwao kusini. Sisi tuliozoea kuona mji mmoja wa pwani ukiandikwa kwa sura tatu na Mreno, Mwarabu na Mjerumani hilo halitushangazi.

Septemba 1909, Oakland, aliruka futi 2,640 hivi, yaani nusu maili. Ndugu Wright siku yao ya kwanza mwaka 1903 safari yao ndefu kuliko zote ilikuwa futi 852, kwa hiyo si haba. Lakini safari hiyo iliisha kwa kishindo: bolti iliyoshika pangaboi kwenye shafti ilikatika, ndege ikaja chini. (Pangaboi nasema ile ya ndege, si feni ya darini. Anayependelea rafadha aseme rafadha.) Feng akatoka na michubuko tu. Bolti hiyo muiweke akilini.

Alirudi China mwanzoni mwa 1911 na ndege, vipuri na wasaidizi. Guangzhou aliyoikuta ilikuwa inachemka. Tarehe 8 Aprili jenerali wa Kimanchu aitwaye Fuqi alikwenda Yantang kutazama maonyesho ya ndege, na wakati anarudi mjini mwanamapinduzi Wen Shengcai akampiga risasi akafa. Tarehe 27 mwezi huohuo yakazuka maasi ambayo mashahidi wake 72 walizikwa Huanghuagang. Katika hali hiyo, kijana aliyetoka ng'ambo na mashine inayoruka asingeaminiwa na serikali ya Qing hata kama angeapa. Yalipokuja mapinduzi ya Oktoba na Guangdong kujitenga na Qing mwezi Novemba, Feng akajiunga na wanamapinduzi akapewa uongozi wa kikosi cha ndege. Mapema 1912 alikuwa amekwisha tengeneza ndege hapahapa Guangzhou.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili. Feng aliruka, akapanda kiasi cha futi 120, akaenda kama maili 5, na watu chini wakishangilia. Kisha pua ya ndege ikainuka mno, ndege ikapoteza mwendo, ikaporomoka. Masimulizi yaliyopita kwa Kiingereza yanasema iliangukia kwenye kichaka cha mianzi. Alipata majeraha makubwa ya kichwa na kifua, akafa siku hiyohiyo. Inasimuliwa kwamba kabla ya kukata roho aliwaasa wasaidizi wake wasife moyo kwa sababu yake, kwani ajali za namna hiyo hazina budi kutokea. Alikuwa na miaka 28.

Kwa nini pua iliinuka? Hapo ndipo njia zinapoachana. Simulizi iliyozoeleka inasema alivuta usukani kwa nguvu kupita kiasi kwa hamu ya kupanda juu zaidi. Kwa maneno mengine, marehemu alijiua kwa pupa. Simulizi ya pili inasema alikuwa anakuja kutua, akaona watoto uwanjani, akainua ndege ghafla kuwanusuru. Hii ndiyo ya mama wa vitunguu, na mnaona inavyopendeza: pupa imegeuka huruma, ila mkono ni uleule na usukani ni uleule. Ya tatu inasema ndege ilikuwa imekaa muda bila kutumika, sehemu zake zimeshika kutu, mitambo ikagoma. Hii ndiyo mama yake "injini" ya mzee wangu, ingawa kutu ya masimulizi iko zaidi kwenye mitambo ya kuongozea kuliko kwenye injini. Ikipita midomo mitatu minne, kila kinachogoma kinakuwa injini.

Nilipoziweka simulizi zote tatu mezani nikakumbuka kitu cha kwetu. Nyote mnajua basi likipinduka nyumbani inavyokuwa. Dereva akitoka mzima, habari ni kwamba breki zilikatika. Dereva akifa, habari ni mwendo kasi. Sisemi madereva ni waongo, hapana. Breki hukatika kweli na mwendo kasi upo kweli. Nasema tu kwamba marehemu hana wakili, na chuma hakina ndugu wa kukasirika. Kwa hiyo mtu akipona tunalaumu chuma, na akifa tunamlaumu yeye.

Hebu tazameni ajali za siku hizo kwa jicho hilo. Oakland 1909: Feng alipona, na sababu iliyobaki katika historia ni bolti. Yantang 1912: Feng alikufa, na sababu iliyobaki ni mkono wake. Mtu yuleyule, fundi yuleyule, miaka mitatu tu kati yake.

Mtasema labda wakati ule hakukuwa na namna ya kuchunguza. Ilikuwepo, japo changa. Tarehe 13 Mei 1912, miezi mitatu na siku chache kabla ya Yantang, ndege ndogo aina ya Flanders ilianguka Brooklands, Uingereza, ikamwua rubani E. V. B. Fisher na abiria wake Mmarekani. Royal Aero Club ikaunda kamati, ikahoji mashahidi, ikatazama mabaki, ikatoa ripoti mwezi Juni. Ni moja ya ripoti za kwanza kabisa za uchunguzi wa ajali ya ndege duniani. Ilihitimisha kwamba kosa lilikuwa la rubani, ambaye hakutambua hatari ya kona aliyokuwa anaipiga. Mtaniambia: si umeona, marehemu kalaumiwa tena! Kweli. Lakini tofauti ni kwamba huko angalau walitafuta kwanza ndipo wakasema. Na mnakumbuka ya Fort Myer, Marekani, Septemba 1908, Orville Wright alipoanguka na Luteni Selfridge akafa? Hapo rubani alipona, akalaumu pangaboi, na ingekuwa rahisi kumcheka. Ila mafundi wake walimpelekea vipande hospitalini, na ikaonekana pangaboi ilipasuka ikagonga waya wa usukani wa nyuma. Chuma na mbao vilimtolea ushahidi.

Yantang hakuna aliyepeleka vipande popote. Ndiyo maana naendelea kufikiria ile mianzi.

Nieleze kidogo, maana nilimwuliza mzee, na fundi akiulizwa la ufundi husahau ugomvi. Mchunguzi anayetaka kujua kama injini ilikuwa hai wakati ndege inagonga huanzia kwenye pangaboi. Kama ilikuwa inazunguka kwa nguvu, makali yake yote huumia, na kama ni ya mbao, kama zilivyokuwa nyingi wakati huo, husagika kuwa njiti na kutawanyika. Kama ilikuwa imesimama, mara nyingi upande mmoja huvunjika kwa kugonga na mwingine hubaki mzima. Ndege za mtindo wa Feng zilikuwa na injini nyuma ya rubani na pangaboi nyuma zaidi, kwa hiyo inapoingia kichakani ni mabawa na mtu vinavyotangulia, pangaboi inafuata. Na mwanzi si nyasi. Ukikatwa na kitu kinachozunguka unabaki na kisiki chenye mkato. Ukisukumwa na kitu kilichokufa unalala, unapasuka kwa urefu. Mtu mmoja mwenye kalamu angekwenda pale jioni ya tarehe 25 akachora visiki vya mianzi, leo tungejua nusu ya jibu. Angefungua tangi akaona petroli imebaki kiasi gani, akatoa plagi akaona zina masizi au maji, tungejua zaidi. Kwa mwanzi ilitosha wiki moja tu ya mvua za Agosti na machipukizi kufuta maandishi yote.

Mashahidi elfu moja je? Hao hawatusaidii sana kwa injini. Mtu wa chini husikia injini imenyamaza, lakini hajui kama imekufa au rubani kapunguza moto ili atue. Na shahidi ambaye hajawahi kuona ndege ikiruka vizuri atajuaje inavyoruka vibaya?

Halafu kuna jambo ambalo lilinifanya niache kuchagua upande. Mzee alisema "injini", vitabu vinasema "mkono", kana kwamba lazima kimoja kiwe uongo. Ndege za 1912 zilikuwa na nguvu ya kutosha kubaki hewani na ziada kidogo tu. Rubani hakuwa na saa ya kumwonyesha mwendo; aliupima kwa upepo unaompiga usoni. Ukiinua pua na injini ina afya, ndege inapanda. Ukiinua pua kwa pembe ileile na silinda moja imeanza kukosa moto, mwendo unashuka, mabawa yanaacha kuibeba ndege, na huna urefu wa kujikomboa, maana uko futi 120 tu. Tena ni Agosti ya Guangzhou, nyuzi 33 si kitu cha ajabu, na hewa ya joto ni nyepesi, inanyima injini pumzi na mabawa mahali pa kushika. Kwa hiyo mkono uleule uliokuwa sahihi asubuhi yenye baridi Oakland unaweza kuwa kosa mchana Yantang. Aliyetazama kutoka chini aliona pua inainuka, na pua ndiyo inayoonekana. Nguvu inayopungua haionekani.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema hukumu ya "alivuta mno" imetolewa kwa kuona nusu moja ya tukio, ile nusu inayoonekana kwa macho, na aliyeijua nusu ya pili akazikwa nayo.

Sasa niwarudishe nyumbani, kwa sababu tuna ajali yetu ya kulinganisha, na sijaona ikizungumzwa hapa. Tarehe 27 Februari 1920, Tabora. Gazeti la The Times la London lilikuwa limegharamia ndege aina ya Vickers Vimy Commercial, yenye injini mbili za Rolls-Royce, ijaribu kuruka kutoka Uingereza hadi Cape Town. Ilitoka Brooklands, palepale alipokufa Fisher, tarehe 24 Januari, marubani wakiwa Kapteni Cockerell na Kapteni Broome, na ndani yumo Peter Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama, akiwa mwandishi wa gazeti. Ilishuka Misri, Sudan, maziwa makuu, ikisumbuliwa na injini njiani. Tabora ikajaribu kupaa, injini ikashindwa, ikaanguka na kuvunjika. Safari ikafa hapo. Wote wakatoka hai.

Na kwa sababu walitoka hai tunajua ni injini. Hakuna aliyesema Cockerell alivuta mno. Nayaamini maelezo yao, msinielewe vibaya: Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa pale imepungua kama sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Brooklands, na injini zao zilikuwa zimechoka kwa mwezi mzima wa joto. Lakini hebu wawekeni wote watano makaburini, na Mitchell asipeleke simu yoyote London. Uwanja wa Tabora ungebaki na nini? Watu wa Tabora wangeona ndege kubwa inakimbia, inainuka kidogo, inaanguka. Simulizi ingekuwa kwamba Wazungu walijaza mizigo, au walikuwa na haraka, au walipumbaa. Pengine na watoto wangeingizwa mle.

Baadaye dunia ilijaribu kutengeneza dawa ya ugonjwa huu. Mkataba wa Chicago wa 1944 ulizaa kiambatisho namba 13, kilichopitishwa 1951, kinachosema uchunguzi wa ajali ya ndege lengo lake ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Kwenye karatasi ni maneno mazuri sana. Fikirieni wenyewe ni ripoti ngapi mlizosoma ambazo zimefika kwenye "kosa la rubani" zikapiga breki hapo, bila kuuliza rubani aliona nini, alisikia nini, injini ilikuwa inamwambia nini. Neno rubani sisi tulilichukua baharini, na nahodha za majahazi walikuwa na ugomvi huohuo: chombo kikizama ni upepo au ni yeye?

Wiki iliyofuata tukaenda Huanghuagang, mzee na mkewe na mimi, kwa treni ya laini ya 6. Feng Ru amezikwa pale katika makaburi ya mashahidi, maana jamhuri mpya ilimpa baada ya kufa cheo cha meja jenerali, na mnara wake upo. Ulikuwa mchana wa joto, wazee wa mtaa wanacheza karata kivulini. Nikawaeleza yale ya Oakland, bolti na shafti, kwani mzee hakuwa anayajua. Akanyamaza. Mkewe akaniangalia kana kwamba nimemharibia mume siku.

Tulipofika getini akasimama, akauliza swali ambalo mimi na vitabu vyangu hatukuwa tumelifikiria: ile ndege ya pili, ya hapa Guangzhou, bolti za pangaboi alizitoa Marekani au alichonga mwenyewe? Na kama alichonga, chuma alikipata wapi, mwaka ule, katikati ya mapinduzi? Kisha akamgeukia mkewe akasema bado ni injini. Mama akasema bado ni watoto. Tukapanda treni.

Kama yupo hapa mwenyeji wa Tabora ambaye babu au bibi yake aliwahi kutaja ile ndege ya 1920, naomba ayaandike maneno yenyewe kama yalivyosemwa, asiyanyooshe. Nataka kuona wao walisema ni injini au ni mtu.

Nawasilisha.